Nilimwambia mzee ni za mwanangu

BARUA

Shikamoo mama,

Naomba jina langu ulifiche. Ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, nina miaka 38, na huu ni mwaka wa 12 naishi Leicester, Uingereza. Usiku nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mchana nina biashara yangu ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniletea haya: nanunua Lego zilizotumika na kuziuza tena mtandaoni.

Kwa wasiozijua, Lego ni vile vijitofali vya plastiki vya watoto, vyenye vinundu juu, vinavyoshikana. Asili yake ni Denmark, na kijitofali cha mwaka 1958 kinashikana na cha leo bila shida, ndiyo maana vya zamani havikosi mnunuzi. Watoto wakikua, wazazi hupiga picha ndoo nzima na kuitangaza kwa bei ya kupunguza mizigo ndani. Mimi nachukua. Naziosha kwenye mfuko wa wavu kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, naanika juu ya taulo, kisha usiku nisio na zamu nakaa sakafuni napanga rangi kwa rangi, umbo kwa umbo. Kijitu kimoja cha zamani chenye kofia yake kamili kinaweza kushinda bei ya kilo tatu za vijitofali vya kawaida. Kazi hii haikuwa ngeni kwangu. Mama yangu aliuza mitumba, nimekua nikimwona anapasua belo alfajiri na mkono wake unaenda moja kwa moja kwenye gauni la daraja la kwanza.

Nilipoanza, miaka mitatu iliyopita, niligundua kwamba nikimwandikia muuzaji "bei ya mwisho shilingi ngapi", yaani kwa lugha yao, wengi hawajibu. Lakini nikiandika "Mimi ni mama wa mvulana anayezipenda sana, ila hali yetu ni ngumu kidogo, unaweza kunipunguzia?" wanashusha, na wengine wananipa bure. Maneno hayo nimeyahifadhi kwenye simu, nayabandika tu. Si uongo mtupu. Mvulana ninaye, ana miaka 9, na anazipenda kweli. Ila hazigeuki kuwa zake. Anazichezea siku mbili tatu zikiwa zinakauka, halafu zinauzwa.

Desemba niliyabandika kwa mzee mmoja aliyetangaza masanduku mawili kwa pauni 60. Akanijibu nije nichukue kwa 35, kwamba atafurahi kujua kuna mtoto anayezichezea.

Nilimkuta, hapungui miaka 80. Masanduku ameshayafuta vumbi. Alinipa chai. Vitabu vya maelekezo alikuwa amevitia kwenye bahasha ya kaki, vimepangwa kwa namba. Ukutani palikuwa na picha ya kijana kavaa joho la kuhitimu. Akasema zilikuwa za mwanawe, "yeye hazihitaji tena." Sikuuliza. Nilivyomwona anavyoitazama ile picha nikajua kijana amefariki. Wakati wa kuondoka akakataa katakata nibebe peke yangu, akashika upande mmoja wa sanduku mpaka kwenye gari, akaniambia: "Mtoto akimaliza kujenga, nitumie picha." Nikasema nitatuma.

Nilipofika nyumbani nikapima, kilo 11. Kwenye bahasha nikakuta maelekezo ya seti namba 10182 (seti ni vipande vinavyouzwa pamoja kujengea kitu kimoja). Mama, nilikaa chini. Hiyo ni nyumba ya kona yenye mkahawa chini, ilitoka mwaka 2007, vipande 2,056, ndiyo ya kwanza katika ule mfululizo wa majumba ya mtaani ambao watu wazima wanaukusanya mpaka leo.

Mimi na mwanangu tuliijenga likizo nzima ya Krismasi. Vilikosekana vipande 14, nikaviagiza kimoja kimoja. Yeye ndiye aliyegundua kwamba urembo wa juu ya ukuta ni skii, zile mbao za kuteleza kwenye theluji, zimepachikwa kwa namna nyingine tu. Na kwa kuwa seti yenyewe haina vyumba ndani, ghorofa ni tupu, akaamua kuzijaza kwa vipande kutoka ndoo zangu nyingine. Ghorofa ya juu akafanya chumba cha bibi yake wa Tanga: kitanda, feni aliyoitengeneza kwa rafadha ya ndege, na kindoo cha njano kwenye kona. Nikamuuliza kindoo cha nini. Akasema, "Si ulisema kwa Bibi kunavuja?"

Kunavuja kweli. Nilimwahidi mama bati mpya za chumba chake na jiko kabla ya masika. Sasa mtu mmoja Ujerumani ameona picha niliyoweka mtandaoni, anatoa pauni 640. Zinatosha bati na fundi.

Siku 19 zilizopita mzee akaandika: "Habari za kijana? Amemaliza? Ningependa sana kuona." Sijamjibu. Juzi mwanangu alichukua simu yangu kuangalia saa, akaiona. Akaniuliza kwa nini simtumii mzee picha wakati nyumba imekwisha. Halafu akapandisha juu akasoma na yale maneno yangu ya mwanzo. Akasema: "Uliandika ni yangu." Nikamwambia tutaongea. Hatujaongea.

Mume wangu anasema biashara ni biashara, mama yangu alipopata hariri ndani ya belo hakumtafuta Mzungu aliyeitoa. Rafiki yangu wa kazini anasema nisiuze kabisa, niifungie kabatini, seti zilizoacha kutengenezwa hupanda thamani kuliko hela iliyoko benki. Dada yangu Tanga ananiuliza bati zinakuja lini.

Je, mimi ni tapeli? Nimuuzie Mjerumani? Nimwambie mzee? Na mwanangu nimwambie nini?

Binti wa Ngamiani, Uingereza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Zamu za usiku peke yake zinatosha kumnyima mtu usingizi, na wewe umeongeza na hili.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye kile kindoo cha njano. Ngoja nikirudie.

Kama nimekuelewa, kuna nyumba moja ya plastiki na watu wanne wanaitazama: mzee anayengoja picha, mtoto aliyeijaza vyumba, mama yako anayekinga maji, na Mjerumani mwenye hela mkononi. Hao watatu wa kwanza kila mmoja ulimpa neno lako. Mzee ulimwambia ni za mwanao. Mwanao amesoma hivyo hivyo kwa macho yake. Mama ulimwahidi bati. Maneno yote matatu uliyasema kwa nia ambayo mtu anaweza kuielewa, na sasa hayawezi kukaa pamoja ndani ya nyumba moja. Mimi naona hapo ndipo penye mzigo, kuliko kwenye swali la kama wewe ni tapeli. Neno hilo naomba uliweke pembeni kwa leo. Ukilishika, utajitetea mpaka usione kitu, au utajilaumu mpaka usifanye kitu, na siku 19 bila kujibu meseji zinaonyesha umeshaanza hili la pili.

Tuanze na fedha. Umeandika kana kwamba pauni 640 zilikuwa zimelala ndani ya masanduku ya mzee, wewe ukazichomoa. Hazikuwamo. Mlikuwamo kilo 11 za vipande vilivyochanganyika. Ni wewe uliyeviosha, ukavitafuta 2,056 katikati ya lundo, ukajua ni 14 gani havipo, ukaviagiza, ukakaa na mtoto mkahakikisha kila kimoja kwa kukijenga. Mjerumani asingetoa bei hiyo kwa lundo. Kwa hiyo sehemu ya faida yako ni ujira wa kazi ngumu, na sioni sababu ya kuuonea haya. Ila nasema sehemu. Sehemu nyingine imetoka kwenye kujua kwako namba ile ina maana gani, na nyingine imetoka kwenye pauni 25 ambazo mzee alizipunguza kwa ajili ya mtoto. Unapohesabu, zihesabu mbalimbali. Hazina uzito mmoja.

Pili, una uhakika gani kwamba mzee hakujua? Mtu aliyepanga vitabu kwa namba ndani ya bahasha si mtu aliyetupa vitu kwenye ndoo akafumba macho. Bei za seti za zamani si siri. Soko kubwa la mtandaoni la Lego zilizotumika, BrickLink, lilianza mwaka 2000, na mwaka 2019 kampuni ya Lego yenyewe ililinunua. Ukiandika namba 10182 popote, bei zinakuja. Inawezekana aliziona, akaamua kwamba anachotaka kwa masanduku yale ni kitu kingine, na hicho kitu alikitaja mlangoni na tena kwenye meseji. Inawezekana pia hakuwahi kuangalia. Yote mawili yapo wazi, na kutoka sakafuni kwako ulipokaa na simu huwezi kuyajua.

Vilevile kijana wa kwenye picha. "Hazihitaji tena" husemwa na baba aliyemzika mwanawe. Husemwa pia na baba ambaye mwanawe yuko Australia, ana watoto watatu na hajapiga simu tangu Idi, au kwa wao tangu Krismasi. Wewe umeshamzika yule kijana, na tangu hapo kila meseji ya mzee unaisoma kama ya mfiwa. Huenda umepatia. Lakini huenda sehemu ya uzito unaoubeba ni hadithi uliyoijaza mwenyewe, na mzee ni mtu tu anayependa kuona kitu kimekamilika.

Mumeo amekutolea mfano wa belo. Ni mfano wa mtu anayekuheshimu wewe na mama yako, kwa hiyo tuuangalie vizuri. Mama yako alinunua belo bila kuona ndani. Yakitoka mashati yaliyotoboka, hasara yake. Ikitoka hariri, bahati yake. Na wewe una hasara zako, nazijua: ndoo iliyojaa vya bandia, ambavyo ukivigeuza kwenye mwanga huoni jina la Lego juu ya vinundu, vyeupe vilivyogeuka manjano kwa kuwekwa dirishani miaka, vile vya kahawia vya miaka fulani vinavyokatika ukivibana tu, masanduku yaliyotoka nyumba ya mvuta sigara ambayo hata uoshe mara nne harufu haitoki. Hizo hujamrudishia mtu. Hapo mumeo ana hoja, na usiidharau. Ila mama yako hakumwambia aliyemuuzia belo kwamba nguo zile ni za wanawe wasio na cha kuvaa. Yeye na muuzaji walikutana kwenye bei. Wewe na mzee mmekutana kwenye maneno, bei ikafuata.

Najua Tanga, na najua mtoto wa Ngamiani hapiti bila kukaa madrasa, kwa hiyo nadhani ndani ya swali lako kuna jingine hukuliandika, kuhusu halali. Hilo mpelekee sheikh unayemwamini, na ukimweleza usimfiche yale maneno ya kubandika. Mimi nitabaki kwenye haya ya nyumbani.

Sasa njia, na kila moja nitakuonyesha mwiba wake.

Unaweza kumuuzia Mjerumani na kunyamaza. Bati zinapanda kabla ya masika, mama analala pakavu, na mzee baada ya wiki chache huenda akaacha kuuliza. Watu wengi wangefanya hivyo na wasilale vibaya. Kwako naona ugumu mmoja: kuna mtu wa miaka 9 ameshaisoma meseji. Kwa mzee kimya chako kitakuwa kimya tu. Kwa mtoto kitakuwa jibu, na atalifasiri mwenyewe bila wewe kuwepo.

Unaweza kuifungia kabatini kama anavyosema rafiki yako. Kweli seti zilizoacha kutengenezwa nyingi hupanda. Lakini waulize waliokuwa na seti ya Lego ya Taj Mahal. Ile ya mwaka 2008, namba 10189, vipande 5,922, ilipoadimika watu walikuwa wanauziana kwa bei ya kushangaza. Mwaka 2017 kampuni ikaitoa upya, karibu vilevile, namba 10256, na aliyekuwa ameifungia ya zamani ndani akisubiri akajikuta anashindana na iliyoko dukani. Hakuna aliyemwonya. Sisemi itatokea kwa nyumba yako ya kona. Nasema kabatini si benki, na paa la mama halisubiri bei ipande. Halafu, kuifunga ni kumnyima mtoto na kumnyima mama kwa pamoja. Sioni nani anafurahi hapo isipokuwa rafiki yako.

Unaweza kumwachia mtoto. Hapo sentensi yako inakuwa kweli moja kwa moja, na mzee anapata picha yake bila maelezo marefu. Mwiba wake ni bati. Je, bati zinategemea nyumba hii tu? Una kilo ngapi zilizopangwa tayari? Una seti ndogo ndogo ambazo ukizishusha bei zitatoka ndani ya wiki mbili? Dada yako anayeuliza zinakuja lini, anaweza kuchangia fundi? Huenda ukaanza na chumba cha kulala na jiko likangoja. Yaulize hayo kabla hujaamua kwamba ni ama mtoto ama mama. Lakini ukishayauliza na jibu likawa ni hii tu, basi ujue unamwomba mama yako alale na ndoo msimu mmoja zaidi kwa ajili ya mchezo, na utalisikia hilo kila ukipiga simu mvua ikinyesha.

Na unaweza kuuza huku umesema. Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndiko unakovutwa na ndiko unakokuogopa.

Kumwambia mzee si jambo moja. Kuna kumtumia picha na salamu, basi. Ni ahadi uliyoiweka na ni kweli mtoto amejenga. Lakini ukishatuma na kesho yake nyumba ikaenda Ujerumani, mzee akiandika "naweza kupita Jumapili niione?" utafanyaje? Kuna kumweleza kwamba wewe huuza, kwamba hii mtoto ameijenga kweli, na kwamba inaondoka kwa sababu fulani. Anaweza kukuelewa kuliko unavyodhani. Wazee wa huko nao wamewahi kuwa na mama mwenye paa bovu. Anaweza kuumia. Anaweza kusema "basi nirudishie." Kabla hujaandika neno moja, jua utamjibu nini akisema hivyo, maana ukiandika bila kujua, utakuwa unamtwisha yeye uamuzi ulioushindwa wewe. Na fikiria pia kama unataka kumweleza kwa faida yake au ili wewe upumue. Vyote viwili si vibaya, ila meseji hazitafanana.

Najua wazo la kumgawia fedha limekupitia. Linaweza kuwa la haki: zile 25 alizopunguza zina mwenyewe. Lakini ukimtokea mlangoni na bahasha ya pauni 100, anaweza kuona umemlipa chai yake. Ukimuuliza kwanza, angalau umempa nafasi ya kusema hapana, au ya kusema "wapelekee kwenye bati."

Upande wa mtoto siuogopi kama unavyouogopa wewe. Amekuuliza swali, hakukushtaki. "Uliandika ni yangu" inaweza kuwa na maana ya "basi nipe," na inaweza kuwa na maana ya "kwa nini uliandika hivyo?" Hujui ni ipi mpaka ukae naye. Ukikaa naye, muulize pia kitu ambacho sikukiona kwenye barua yako: anachokipenda zaidi ni nyumba, au ni vyumba? Maana Mjerumani ananunua vipande 2,056 vya namba 10182. Kitanda cha Bibi, feni ya rafadha na kindoo cha njano vimetoka kwenye ndoo zako, havimo kwenye hesabu yake. Vinaweza kubaki. Inawezekana akakuambia vyumba bila nyumba si kitu, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Inawezekana akaanza papo hapo kujenga nyingine, ya Ngamiani, yenye paa zima. Ukitaka kumpa fungu la fedha kwa kazi aliyoifanya, ni vizuri, kipande cha ujira ni chake kweli. Ila mpe baada ya kuzungumza, usimpe badala ya kuzungumza. Watoto wanajua tofauti ya kulipwa na kunyamazishwa.

Na mtoto huyu, mwanangu, anajua habari za paa la bibi yake kiasi cha kuliwekea ndoo. Wewe unamficha mzigo ambao ameshaubeba upande mmoja, kama mzee alivyoshika sanduku lako.

Halafu yale maneno yaliyohifadhiwa kwenye simu. Hili halihusu mzee tu, linahusu sanduku la wiki ijayo. Sikuamrishi uyafute. Nakuuliza: ungeandika nini ukijua kwamba mwanao ataisoma kila meseji? Labda: "Nanunua Lego zilizotumika, naziosha, nazipanga na kuziuza tena, mwanangu huzichezea kabla hazijaondoka." Ni kweli tupu na haikosi utu. Mwiba wake ni kwamba wengine hawatajibu, bei zitapanda, na miezi mingine faida itakuwa nyembamba. Ijaribu mwezi mmoja uone hasa inakugharimu kiasi gani; huenda ni kidogo kuliko hofu yako, huenda ni kingi. Kwa upande wa kuuza hamna cha kujaribu, sheria ya Uingereza inamkataza mfanyabiashara kujifanya mtu binafsi anayeuza vitu vyake. Na kama mauzo yako yote yanazidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unatakiwa kujiandikisha kwa mamlaka ya kodi; tangu Januari 2024 mitandao ya mauzo hukusanya na kuipelekea mamlaka hiyo taarifa za wauzaji wanaofikisha mauzo 30 au wanaozidi euro 2,000 kwa mwaka. Kama hujalishughulikia hilo, anza wiki hii. Ni fomu tu, na halihitaji ushauri wa moyo.

Mjerumani mwambie akupe siku kadhaa. Mwenye hamu ya nyumba ya 2007 ameshasubiri miaka, hatashindwa wiki. Akishindwa, atakuja mwingine, labda kwa pungufu kidogo.

Ukiamua kumwandikia mzee, kwa njia yoyote kati ya hizi, piga picha mwanao akiwepo, na usiishie kwenye ukuta wa mbele. Seti hiyo ghorofa zake hufunguka moja moja. Ondoa paa, mwonyeshe kile chumba cha juu, kitanda, feni na kindoo, na mwache mtoto mwenyewe aeleze ni cha nani.

Niandikie tena masika ikianza.